Duka la Biashara Street na Nyumba ya Kibokoni: Majibu kwa Wasomaji

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu eneo moja la kisiwa cha Mombasa: Digo Road penye Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka wa 1914, maduka ya leso ya Biashara Street yaliyo jirani, na mitaa ya Mji wa Kale iliyo upande wa pili wa barabara. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Assalamu alaikum, Mshauri. Nauza leso na vikoi katika duka la kupanga Biashara Street, na kabla yangu marehemu baba ndiye aliyekuwa humo. Hatukuwahi kuandikiana mkataba; tulikuwa tukilipa kodi kila mwezi na kupewa risiti. Jengo sasa limeuzwa, na mwenyewe mpya ameniletea barua kwamba kuanzia mwezi ujao kodi itakuwa karibu mara mbili, na nisipokubali nihame. Je, sina haki yoyote?

Jibu: Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Haki unazo, na ni nzito kuliko inavyodokeza barua hiyo. Upangaji wa duka usiokuwa na mkataba ulioandikwa unalindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, na ulinzi huo hauondoki kwa sababu jengo limeuzwa. Aliyenunua amelichukua jengo pamoja na wapangaji waliomo.

Chini ya sheria hiyo, anayetaka kuongeza kodi au kumtoa mpangaji hana budi kutumia notisi ya muundo uliowekwa kisheria, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu uipokee. Barua ya kawaida inayokupa wiki chache haitoshi. Hata hivyo, usiipuuze. Iwapo notisi halali itakufikia, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, kisha upeleke shauri lako katika Mahakama Maalumu ya Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe iliyotajwa kuwadia. Wapangaji wengi wenye haki kamili hupoteza maduka yao kwa sababu tu walinyamaza hadi tarehe ikapita. Wakati shauri linaendelea, lipa kodi ya zamani bila kuchelewa hata mwezi mmoja, uhifadhi risiti na ujumbe wa M-Pesa, kwa maana malimbikizo ya kodi ni miongoni mwa sababu ambazo sheria inazikubali za kumtoa mpangaji. Akikataa kuipokea, omba mahakama hiyo ikuelekeze pa kuilipa. Asikubabaishe kwa kufuli au kukata umeme, kwa kuwa hana ruhusa ya kujichukulia hatua hizo bila amri.

Mahakama itatazama, pamoja na mambo mengine, maduka kama yako yanapangishwa kwa kiasi gani, kwa hiyo jirani aliye tayari kuonyesha risiti zake atakusaidia kuliko maneno mengi. Huenda kodi ikapanda. Sitaki kukuahidi kwamba itabaki ilivyokuwa enzi za mzee. Lakini ikishaamuliwa, mwenye jengo hawezi kukuletea notisi nyingine ya kuibadilisha kabla ya miaka 2.

Kuna jambo moja ninalokuomba uwe nalo makini zaidi ya yote. Inawezekana ukaletewa mkataba mpya wa miaka 5 na miezi 3, au wa miaka 6, ukielezwa kwamba ni wa kukupa utulivu. Urefu huo huchaguliwa makusudi. Mkataba ulioandikwa unaozidi miaka 5, usio na kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya muda huo kwa sababu nyingine isiyokuwa ukiukaji wa masharti, hutoka nje ya ulinzi wa Sura ya 301, na siku utakapokwisha utakuwa huna pa kushika. Usitie sahihi kabla wakili wako hajausoma.

Naongeza neno langu mwenyewe, kwa kuwa jambo hili linaniuma. Thamani ya Biashara Street haikuletwa na mawe ya majengo yake. Ililetwa na wauzaji waliokaa bega kwa bega kwa vizazi, kuanzia kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa mwaka wa 1887 na ambayo leso zake zinajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, hadi vijiduka vya juzi. Mama atokaye Kwale au Lamu kutafuta leso za harusi huja hapa kwa kuwa anajua atazunguka maduka mengi kwa mguu, alinganishe rangi na majina, na asirudi mikono mitupu. Mnunuzi wa jengo amelipia pia sifa hiyo, na akiwatawanya walioijenga atabaki na vyumba tu.

Swali: Wachuuzi wamejaa mbele ya duka langu karibu na Marikiti. Dalali anasema wanashusha bei ya jengo. Ni kweli?

Jibu: Kwa kiasi kidogo tu. Njia ya waendao kwa miguu ni ya umma na iko chini ya Serikali ya Kaunti, kwa hiyo mlango uliozibwa ni haki yako kuulalamikia huko. Lakini machungwa na maembe ya wachuuzi ndiyo yanayowavuta wengi wa wapita njia ambao dalali huyo huyo huwataja anapotangaza jengo. Zungumza nao waache nafasi ya mlango kabla ya kufikiria kuwafukuza.

Swali: Mimi ni kijana wa Mombasa, nafanya kazi Qatar. Dalali ameniletea habari za nyumba mbili: ghorofa ya zamani Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, inayouzwa na familia, na nyumba ya Kiswahili Majengo kwa bei nafuu sana, ila ni nyumba bila ardhi. Ninunue ipi?

Jibu: Mwanangu, nianze na ile ya Majengo, maana unafuu wake ndio hatari yake. Katika utaratibu huo, unaojulikana sana hapa Pwani, utamiliki kuta na paa, nawe utamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi. Ardhi nyingi za mwambao ziliandikishwa kwa majina ya wachache chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908, na waliokuwa wakiishi juu yake wakabaki wapangaji wa viwanja. Zipo familia zilizokaa hivyo kwa miongo mingi bila kusumbuliwa. Lakini mwenye ardhi akiuza, wewe uliye mbali utakuwa na madai dhaifu, na benki kwa kawaida haiikubali nyumba ya namna hiyo kuwa dhamana. Kwa fedha za jasho la ugenini, mimi singeshauri uinunue isipokuwa mwenye ardhi yuko tayari kukuuzia kiwanja chenyewe.

Ghorofa ya Kibokoni inastahili kuchunguzwa, na bei ndiyo iwe swali la mwisho. Wakili wako afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi ili ajue hati imeandikwa jina la nani. Ikiwa ni la marehemu, anayekuuzia lazima awe na hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama, na warithi wote, pamoja na binti aliyeolewa Zanzibar au kaka aliyepotelea Ulaya, wawe wanajua na wamekubali. Kisha uliza katika Tume ya Wakfu, ambayo ofisi yake iko Mombasa, kwa sababu majengo mengi ya mji yaliwekwa wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi.

Ujue pia kwamba Mji wa Kale ulitangazwa eneo la uhifadhi mwaka wa 1990. Huwezi kubomoa roshani ya mbao ukaweka vioo, wala kuongeza ghorofa, bila idhini, na kuta za mawe ya matumbawe zinahitaji fundi anayeijua chokaa, kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka na kuziharibu. Tia gharama hizo katika hesabu pamoja na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba.

Arubuni, yaani malipo ya awali, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, usiitume kwa simu ya dalali. Ilipwe katika akaunti ya wakili wa muuzaji baada ya mkataba kutiwa sahihi, kwa sharti kwamba ataishikilia hadi mauzo yakamilike. Kama huwezi kuja mwenyewe, mpe mtu unayemwamini hati ya uwakilishi iliyothibitishwa mbele ya notari huko uliko, itaje nyumba hiyo moja tu, na wakili wako aisajili huku kabla haijatumika.