Testosteroni ni Uamuzi Mmoja, Kutoa Kizazi ni Mwingine

Kuna hesabu niliyoikuta kwa wanaume transjenda wengi, yaani wanaume ambao walipozaliwa walihesabiwa wasichana, tangu siku zangu za mwanzo: unaanza sindano za testosteroni, homoni ya kiume, unatoa matiti, unatoa kizazi, umefika. Kama madarasa ya shule, ukifaulu hili unapandishwa lile. Nami leo ninatumia testosteroni kwa miaka mingi na kizazi sina tena, lakini sikufika huko kwa kupandishwa darasa. Wadogo zangu wanaponiuliza watoe kizazi lini, huwauliza kwanza ni nani aliyewaambia kwamba lazima kitoke.

Homoni na upasuaji huu havifuatani kwa lazima, na havijawahi kufuatana hivyo. Alan L. Hart, daktari wa Marekani aliyesifika kwa kutumia eksirei kugundua kifua kikuu mapema, alitolewa kizazi kati ya mwaka 1917 na 1918, wakati testosteroni ya maabara haijakuwepo duniani. Ilitengenezwa mwaka 1935. Michael Dillon wa Uingereza, ambaye baadaye naye alisomea udaktari, alianza kumeza vidonge vyake mwaka 1939. Mmoja alianzia kwenye kisu, mwingine kwenye kidonge, na wote wawili waliishi maisha yao kama wanaume.

Nianze na testosteroni, maana ndiyo inayobadili sura ya swali la kizazi. Miezi ya mwanzo ngozi hutoa mafuta na chunusi, hamu ya tendo hupanda, hedhi huanza kuruka na kwa wengi hukatika ndani ya miezi 6. Sauti hushuka. Ndevu huja polepole na huweza kuchukua miaka 4 au 5 kujaa. Ukiacha dawa, baadhi ya haya hurudi yalikotoka: hedhi, mafuta ya mwili kukaa mapajani, misuli kupungua. Sauti hairudi. Kinembe kikishakua hakirudi kilivyokuwa, ndevu zikishaota zimeota, na nywele za kichwani zikishaondoka usizidai. Ningependa kila mtu asome orodha hii ya pili taratibu kabla ya sindano ya kwanza. Ukiona humo jambo usilolitaka kabisa, mwambie daktari. Dozi ndogo ipo na huenda pole, ingawa haikupi nafasi ya kuchagua ndevu na kukataa upara.

Damu ipimwe kila miezi 3 mwaka wa kwanza, baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Watu hukimbilia kuangalia namba ya testosteroni wakasahau hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikipita asilimia 54 damu imekuwa nzito mno, na hapo daktari hupunguza dozi au huisimamisha. Ninaowaogopea kuliko wote ni wanaojinunulia chupa na kujidunga bila kupima chochote. Siwalaumu, najua milango mingapi hufungwa usoni. Lakini hata anayejidunga kwa siri anaweza kuomba kipimo cha kawaida cha wingi wa damu bila kueleza maisha yake yote kwa mtu wa maabara.

Halafu hili, ambalo hulirudia mpaka watu wanachoka: testosteroni haizuii mimba. Hedhi inaweza kuwa imekatika mwaka mzima na yai likapevuka siku moja bila kukuarifu. Na mimba ikiingia wakati unatumia dawa, testosteroni inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kama unakutana kimwili na mtu mwenye mbegu za kiume, tumia kinga, ukiwa na ndevu au huna.

Sasa kizazi. Sababu niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni kansa. Zamani wanaume transjenda waliambiwa watoe kizazi na ovari, yaani vifuko vya mayai, ndani ya miaka michache ya kuanza homoni, kwa hofu kwamba testosteroni ingezaa kansa humo ndani. Ilikuwa hofu ya kueleweka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewafuatilia watu wa kutosha. Walipofuatiliwa, ongezeko hilo la kansa halikuonekana. Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transjenda, toleo la 8 la mwaka 2022, unapendekeza waziwazi kutotoa kizazi wala ovari kwa ajili tu ya kuzuia kansa kwa mtu anayetumia testosteroni ambaye hatari yake ni ya kawaida. Mwenye historia ya kansa ya ovari katika ukoo, au aliyepimwa akakutwa na mabadiliko ya jeni za BRCA, yanayoongeza hatari ya kansa hiyo, huyo ana mazungumzo mengine na daktari wake.

Watu humtaja Robert Eads, mwanamume transjenda wa Marekani aliyefariki mwaka 1999 kwa kansa ya ovari, kama ushahidi kwamba kila kitu kitolewe mapema. Mimi kisa chake nakisoma vingine. Madaktari zaidi ya kumi walikataa kumtibu kwa sababu ya alivyokuwa. Kilichonisumbua mimi katika habari ile ni mlango uliofungwa. Ndiyo maana kabla ya kuhangaika na lini nitoe kizazi, nilihangaika kumpata daktari wa kizazi atakayenipokea. Chumba cha kusubiria kina wajawazito na wewe una kidevu kimejaa, utaangaliwa. Nilipiga simu kabla ya kwenda, nikaeleza, nikaomba miadi ya mwisho ya siku. Walikubali bila neno.

Kwa nini basi nilitoa? Maumivu. Hedhi ilikuwa imekatika zamani, lakini baada ya miaka kadhaa nikaanza kubanwa na tumbo la chini, hasa baada ya kufika kileleni, na mara mojamoja damu kidogo. Hili ni la wengi wetu kuliko linavyosemwa. Shida ni kwamba chanzo chake si kimoja. Linaweza kuwa tabaka la kizazi lililoota nje ya kizazi, yaani endometriosi. Linaweza kuwa misuli ya nyonga iliyokaza, au ukavu wa uke, ambao testosteroni huuleta kama ukomo wa hedhi unavyouleta kwa wanawake. Linaweza kuwa dozi inashuka mno kabla ya sindano inayofuata. Katika hayo yote, kutoa kizazi kunatibu baadhi tu, na wapo waliotoa wakabaki na maumivu yaleyale.

Kwa hiyo tulipita kwanza njia ndefu. Tulipima kiwango cha homoni siku ya kabla ya sindano, tukahama kutoka sindano ya wiki mbili kwenda ya kila wiki, na damu ikapungua. Nikapigwa picha ya altrasaundi. Nikapewa estrojeni, homoni ya kike, ya kupaka ukeni, na hapa nilisita, nani anataka estrojeni baada ya kuikimbia maisha yote? Lakini ni kiasi kidogo kinachofanya kazi palepale kinapopakwa. Ndevu zangu hazikuhisi lolote na ule ukavu uliisha. Nikajaribu vidonge vya projestini, homoni ya kutuliza tabaka la kizazi. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Hapo ndipo upasuaji ulipokuwa jibu la swali halisi. Lakini damu inayorudi baada ya kukatika kwa mwaka isisubiri uamuzi wowote, ichunguzwe mara moja.

Sitaki pia mtu asome haya akadhani bila maumivu huna sababu. Kuna anayejua tu kwamba kiungo kile si chake, na kila akikifikiria hapati usingizi. Hiyo ni sababu kamili. Kuna anayetaka upasuaji wa kutengeneza uume na kufunga uke, na kwake kizazi kinabidi kitangulie kutoka, maana uke ukifungwa hakuna njia tena ya kukichunguza. Ninachokataa ni sababu ya kuazima.

Na kwa miaka mingi sababu ya kuazima ilikuwa sheria. Sweden ilipotunga sheria ya kutambua mabadiliko ya jinsia mwaka 1972, iliweka sharti la kutozaa tena. Sharti lile liliondolewa mwaka 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema masharti ya namna hiyo yanavunja haki. Mahakama Kuu Kabisa ya Japani ilifikia uamuzi kama huo Oktoba 2023. Watu walitoa viungo ili wapate karatasi. Kama karatasi ndiyo inayokusukuma, uliza mwanasheria kabla ya daktari wa upasuaji.

Ukiamua kutoa, jua kwamba kizazi chenyewe ni sehemu tu ya mazungumzo. Kuna mlango wa kizazi, kuna mirija, kuna ovari mbili, na kila kimoja kina swali lake. Daktari wangu wa kwanza alitaka kutoa vyote ili kukata mzizi wa fitina. Nilimshukuru nikatafuta wa pili.

Mlango wa kizazi nilitaka utoke. Ukibaki, kipimo cha kansa ya mlango wa kizazi kinaendelea kama kawaida, na kipimo kile kwa mtu wa testosteroni huuma zaidi na mara nyingi hurudishwa kwa kuwa chembe hazikutosha. (Anayebaki nao aulizie kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta kansa hiyo, ambacho mtu hujichukulia mwenyewe sampuli. Ni nafuu kubwa ya moyo.) Mirija nayo ilitoka bila mjadala, kwa sababu kansa nyingi zinazoitwa za ovari huanzia kwenye mirija, na bila kizazi haina kazi.

Ovari ndizo zilizoninyima usingizi. Ukizitoa zote mbili, mwili wako hauna tena kiwanda cha homoni. Testosteroni inakuwa kitu cha lazima, kwa sababu bila homoni yoyote mifupa hudhoofika mapema, joto la ghafla huja usiku na mchana, na moyo nao hauko salama. Sasa jiulize: dawa ikiadimika miezi minne? Ukipoteza kazi, ukihama nchi, ukafungwa, sheria ikabadilika? Mwenye ovari atachukia hedhi, au bila kizazi hata hiyo haitakuja, lakini mifupa yake ina kinga. Mimi nilibakisha zote mbili. Rafiki yangu mmoja alitoa zote, kwake wazo la kwamba zingeamka siku moja halikuvumilika, na ana daktari na dawa za uhakika. Sidhani mmoja wetu alikosea. Kuna pia njia ya kubakisha moja, na nyingi ya faida za homoni hubaki nayo.

Ovari zinabeba pia suala la watoto, na hapa naomba uwe mkweli kuliko unavyopenda. Wengi tunaanza tukiwa vijana, tumekasirika na mwili, na neno mtoto linatuudhi. Lakini kutotaka kubeba mimba na kutotaka mtoto wa damu yako ni mambo mawili. Kizazi kikitoka, kubeba kumekwisha. Ovari zikibaki, mayai bado yanaweza kuvunwa na mimba kubebwa na mtu mwingine, pale sheria inaporuhusu. Mayai yanaweza kugandishwa kabla ya kuanza testosteroni, na wengine wameyavuna baada ya kusimamisha dawa kwa muda. Wapo pia waliosimamisha wakabeba wenyewe. Thomas Beatie wa Marekani alijifungua mwaka 2008 na dunia nzima ikapiga picha. Siyo lazima utake. Lakini jibu lako liwe la swali hili, lisiwe hasira ya swali lingine.

Kuhusu muda, mwongozo wa WPATH wa mwaka 2012 ulitaka miezi 12 ya homoni kabla ya upasuaji wa namna hii. Wa 2022 unazungumzia miezi 6 kwa anayetoa ovari, pale homoni zinapomfaa mtu. Mimi ningekaa zaidi. Hedhi ikishakatika, wengi hugundua kwamba kilichokuwa kinawakera ni hedhi, na kizazi kilichonyamaza hawana ugomvi nacho.

Upasuaji wenyewe nitaupitia haraka. Ukipata wa matundu madogo au wa kupitia ukeni, chukua huo kuliko wa kupasua tumbo. Kupona ni kwepesi zaidi. Unalazwa kwa nusukaputi. Ukiamka unaweza kuumwa bega, usishtuke, ni gesi waliyojaza tumboni. Choo kitakuwa kigumu, anza dawa ya kulainisha mapema. Usinyanyue kitu kizito wiki 6, na usiingize chochote ukeni mpaka daktari aangalie mshono wa ndani, hata kama umejisikia mzima wiki ya tatu. Hiyo wiki ya tatu ndiyo ya hatari, maana unajiona shujaa. Homa, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba, pumzi kubana au mkojo kukataa: rudi hospitali usiku huohuo.

Uliza pia kama utaendelea na testosteroni siku za upasuaji. Mimi sikuiacha. Na mkitoka pale, omba nakala ya ripoti ya upasuaji na ya majibu ya maabara, usome ukiwa bado unaweza kuuliza. Itaandikwa ni kipi kilitoka na kipi kilibaki. Miaka kumi mbele utamkuta daktari mpya anayeona ndevu na jina la kiume, hatafikiria kuuliza kama una ovari, na wewe utakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Yangu ninayo kwenye simu, na nakala nyingine anayo dada yangu.