Jibu: Windows 11 imekataa kwa sababu ya TPM 2.0, je, kompyuta ni ya kutupwa?
Ndugu, usiitupe bado. Kompyuta nyingi zina TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta), ila imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ikisema haipatikani, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla Windows haijafunguka): kwa prosesa ya Intel tafuta PTT, kwa ya AMD tafuta fTPM, ambayo ni majina yao ya TPM, uiwashe. Kama BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski) inafanya kazi, hifadhi kwanza ufunguo wa kurejesha, maana mabadiliko haya huweza kuifanya BitLocker iudai ufunguo huo.

Wengi huumia hapa: wanabadili pia njia ya kuwasha kompyuta kutoka Legacy (ya zamani) kuwa UEFI (mpya) huku diski bado ina mpangilio wa zamani wa MBR, na Windows haifunguki tena. Nakili mafaili yako kwingine, geuza diski iwe na mpangilio mpya wa GPT kwa mbr2gpt, zana ya Windows yenyewe, ndipo ubadili.

Prosesa ni kikwazo kigumu zaidi. Intel Core nyingi za chini ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na BIOS haitakusaidia. Njia za kukwepa ukaguzi zipo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta ya namna hiyo, kwa hiyo sizipendekezi. Kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa mashine hiyo ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure.