Maduara, robo duara na "pia" ndani ya mraba: eneo lipi kubwa?

Mleta mada, kwa nilivyokusoma, kijana wako wa darasa la saba kapewa mraba wa upande sm 28 uliochorwa mara tatu: wa kwanza una duara moja kubwa, wa pili maduara manne madogo, wa tatu umbo kama pia ya kuchezea. Alinganishe maeneo, na nyumba nzima mmebishana. Mimi si mwalimu, ni fundi bati, na hesabu hii iliwahi kunila hela.

Kwa macho utaapa manne madogo yanajaza mraba zaidi, maana mabaki yake ni vijipembe tu. Piga sasa. Kubwa lina nusu kipenyo 14: 22/7 × 14 × 14 = sm² 616. Dogo lina 7, kwa hiyo ni 154, mara nne ni 616 ileile. Mraba ni 784, mabaki 168 kote kote. Sababu utaiona ukigawa mraba vyumba vinne: kila duara dogo limekaa chumbani mwake vilevile kubwa lilivyokaa kwenye mraba mzima. Weka hata 9 au 16, bati linalotupwa halipungui.

Hapo ndipo nilipochemka. Mteja alitaka mifuniko minne midogo, nikamtajia bei ya mmoja mkubwa kwa kuwa bati ni lilelile. Mkasi ukanifundisha adabu: mzingo wa mkubwa ni sm 88, wa mdogo 44, mara nne ni 176. Eneo sawa, safari ya mkasi mara mbili. Kidole gumba kiliota lengelenge na bei nilishaitaja.

Sasa hiyo pia, ambayo ndiyo tamu. Juu ni nusu duara. Chini, robo duara mbili zimeliwa kutoka pembe za mraba mpaka inabaki ncha. Nusu kipenyo kote ni 14. Wengi hukimbilia 22/7 na kujaza ukurasa. Achana nayo. Kata nusu duara ya juu wima katikati, upate robo mbili. Ya kulia ishushe kwenye pengo la kushoto, ya kushoto kwenye pengo la kulia, wala huzigeuzi. Zinaziba kabisa. Umebaki na mstatili wa 28 kwa 14, yaani 392, nusu ya mraba kamili. Pia bila pai!

Kwa hiyo mawili ya kwanza yanalingana, na pia ni dogo kuliko yote.

Akikutana na "jani", robo duara mbili za nusu kipenyo 28 zilizopandana kutoka pembe zinazotazamana, ajumlishe 616 na 616 (kila robo ni 22/7 × 28 × 28 ÷ 4), atoe 784 ya mraba. Jani ni 448. Wanaokosa husahau kwamba lile jani wamelihesabu mara mbili.