Kiwanja kimeinama na fedha ni kidogo: bustani ya michezo ipangwe vipi?

Swali: Tuna kiwanja cha umma cha mita 130 kwa 85. Upande mrefu umeelekea kaskazini–kusini na ardhi inashuka mita 3 kuelekea kusini. Udongo ni mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua. Kamati inataka uwanja wa soka, njia ya kukimbia ya mita 400, kikapu, netiboli, wavu na jukwaa. Mkandarasi anashauri tusawazishe kiwanja chote kwanza. Fedha hazitatosha. Tufanyeje?

Jibu: Msikubali kusawazisha chote. Mkikata nusu ya juu na kujaza nusu ya chini hadi pawe sawa kabisa, mtahamisha takriban meta za ujazo 4,100 za udongo, na bajeti itaishia kwenye matingatinga. Gaweni kiwanja ngazi mbili: ya kusini mita 100, ya kaskazini mita 30, kila moja ikibaki na mteremko wa asilimia 1 kuelekea kusini. Udongo wa kuhamisha unashuka hadi kama meta za ujazo 1,500, na mteremko huo mnauhitaji hata hivyo ili maji yasituame.

Kati ya ngazi hizo itabaki tofauti ya sentimita 85 hivi. Hilo ndilo jukwaa lenu: safu mbili za kukalia, kila moja yenye kimo cha sentimita 42. Chini yake, kabla ya uwanja, wekeni mtaro wa kukinga maji. Ukikosekana, maji yote ya ngazi ya juu yatamwagikia golini.

Njia ya mashindano ya mita 400 yenye mistari 8 inataka karibu mita 177 kwa 93, kwa hiyo haiingii. Badala yake zungusheni njia ya mita 3 kwa upana, mstari wake wa kati ukiwa mita 2 kutoka uzio na kona zikiwa na nusu kipenyo cha mita 8. Mzunguko unatoka mita 400 hivi. Inapovuka ngazi, iteremke taratibu kwa mita 17, yaani 1 kwa 20, ili na mwenye kiti cha magurudumu apite.

Ngazi ya chini inachukua uwanja wa soka wa mita 90 kwa 60 pamoja na mita 3 za usalama kila upande. Sheria za soka zinaruhusu urefu kuanzia mita 90, na magoli yatakuwa kaskazini na kusini, jua la jioni lisimpige kipa machoni. Ngazi ya juu ijengwe sakafu moja ya zege ya mita 37 kwa 22, ichorwe kikapu na netiboli kwa rangi mbili, na kando yake wavu wa mita 24 kwa 15 pamoja na nafasi ya pembeni. Sakafu hiyo italazimika kulala mashariki–magharibi, basi pandeni miti upande wa magharibi.

Zege ndipo miradi mingi inapoharibika. Mfinyanzi ukivimba huiinua na kuipasua. Ondoeni sentimita 30 za mfinyanzi, jazeni changarawe kwa tabaka mbili zilizoshindiliwa kila moja peke yake, ndipo mmwage zege la milimita 125. Kateni viungio, yaani mikato ya kuongoza nyufa, kila mita 3 hadi 3.5 ndani ya saa 24. Mkichelewa, zege litachagua lenyewe pa kupasukia.

Kabla ya tingatinga kuingia, kwangueni udongo wa juu wenye rutuba, mrundike pembeni, mje kuutandaza uwanjani pamoja na mchanga. Nyasi hazistawi kwenye mfinyanzi uliochimbuliwa, na udongo mzuri ukishafukiwa hakuna wa kuurudisha.

Taa, vyoo vya ziada na vifaa vya watoto vinaweza kusubiri awamu ya pili. Mabomba matupu ya nyaya yazikwe sasa, kabla ya zege. Magoli yafungwe imara ardhini tangu siku ya kwanza: goli lisilofungwa huangukia watoto wanaoning'inia, na limeua.