Wiki ya anayeanza gitaa la umeme: ridhimu kwanza, solo Jumamosi

Karibu kila kijana anayekuja nimfundishe gitaa la umeme huanza na swali hilohilo: "Mwalimu, solo lini?" Simlaumu. Aliyekulia kwenye nyumba iliyopigwa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au sebene za Kikongo, amezoea kulisikia gitaa likilia juu ya bendi nzima. Ila bendi za dansi hugawana kazi: kuna gitaa la solo linaloimba juu, la ridhimu linalorudia kitu kimoja chini yake, la besi, na mara nyingi solo la pili. Ondoa ridhimu uone kama mpiga solo atabaki na pa kusimama. Kwa hiyo ratiba ninayowapa wanafunzi wangu ina ridhimu karibu wiki nzima, na solo siku moja.

Dakika 30 kwa siku zinatosha. Anayekaa na gitaa kwa muda wa saa tatu Jumamosi halafu asiliguse wiki nzima hujichosha bure, kwani ncha za vidole hukomaa kidogo kidogo na mkono husahau upesi. Kama vidole vinauma mno, funga nyuzi nyembamba, zile za namba 9, na ubonyeze karibu kabisa na chuma cha freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, vinavyohesabiwa kuanzia kichwani. Hapo nguvu kidogo tu inatosha. Na kabla ya yote, tyuni gitaa, yaani weka sauti za nyuzi sawa. Kila siku, hata kama jana lilikuwa sawa.

Jumatatu na Jumanne ni za kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Siwapi zile kubwa za nyuzi sita, nawapa kodi ndogo za nyuzi tatu nyembamba, kwa sababu ndizo utakazozikuta kwenye ridhimu ya dansi. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba kabisa. C: kidole cha shahada uzi wa pili, freti ya 1, uzi wa kwanza na wa tatu ziache wazi, bila kubonyeza. F: shahada hakibanduki, kinalala tu kifunike na uzi wa kwanza, huku cha kati kikibonyeza uzi wa tatu, freti ya 2. G ni umbo lilelile la F, limesogezwa freti mbili mbele. Zungusha C, F, G, F, kila kodi mapigo manne, metronomu ya simu, ile inayohesabu mapigo, ikiwa mapigo 60 kwa dakika. Ukimaliza mizunguko minne bila kukwama, panda hadi 65. Ukikwama, rudi. Hakuna anayekufukuza.

Jumatano ni ya mkono wa kulia, na hapa ndipo ninapowabana zaidi. Gitaa la umeme halifichi kitu: uzi wowote ulioguswa kwa bahati mbaya unatoka kwenye spika. Laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi nene tatu zinyamaze, kisha chezesha piki, kile kipande cha kugongea nyuzi, chini na juu kwenye zile nyembamba, huku ukihesabu kwa sauti "moja-na-mbili-na". Mkono usisimame hata pale usipogonga uzi. Uendelee kupanda na kushuka hewani. Amplifaya iwe na sauti safi, bila mkwaruzo wowote wa kuongezwa. Mkwaruzo ni mtamu kweli, ila unafunika uchafu unaotakiwa kuusikia. Umeme ukikatika, fanya zoezi la kodi, maana gitaa lisilochomekwa linasikika vya kutosha chumbani. La kunyamazisha nyuzi lisubiri umeme urudi.

Alhamisi wengi huidharau kwa sababu gitaa halishikwi mpaka dakika za mwisho. Chagua wimbo mmoja wa zamani wa dansi, vaa hedifoni, mpuuze mwimbaji, mpuuze na solo, utafute gitaa linalorudia kitu kimoja chini yao. Likishakaa sikioni, lifuate kwa mdomo. Kisha tafuta nyuzi zake, hata mbili tu.

Ijumaa unaunganisha: mzunguko wa C, F, G, F kwa dakika tano bila kusimama. Ukikosea, endelea, maana kwenye ukumbi hakuna anayekusubiri urudie. Jirekodi kwa simu.

Jumamosi, haya, solo. Waliopita kwaya wana bahati, wanazijua noti kwa majina. Kwenye ufunguo wa C, do iko uzi wa tano, freti ya 3, na re freti ya 5. Mi, fa, so ziko uzi wa nne, freti za 2, 3 na 5. La, ti, do uzi wa tatu, freti za 2, 4 na 5. Ziimbe huku ukizipiga, kupanda na kushuka, mpaka mdomo na kidole vifike pamoja. Kisha fungulia ile rekodi ya Ijumaa na upige solo juu yake. Ridhimu ikiyumba, solo litakosa pa kutua, na mpiga ridhimu wa kulaumiwa utakuwa unamfahamu vizuri.

Jumapili pumzisha vidole. Ukikosa siku moja katikati ya wiki kwa sababu ya kazi au msiba, usilipe deni kwa kurundika saa nzima kesho yake. Shika zoezi la siku uliyofikia uendelee.