Sanduku la Maswali: Nguruwe wa mbegu ndogo

Swali: Muuzaji ananihakikishia kwamba watoto wa nguruwe anaowauza hawatavuka kilo 15 hata wakikomaa. Nimemwona mama yao, na kweli ana umbo la mbwa tu. Nichukue?

Jibu: Kwa ahadi hiyo, usichukue. Nguruwe wa mbegu ndogo wapo, ila udogo wao ni wa kulinganisha na nguruwe wa kawaida, ambaye jike lake huvuka kilo 200 bila shida. Mbegu ya Göttingen, iliyozalishwa Ujerumani miaka ya 1960 kwa ajili ya maabara, ni miongoni mwa zile ndogo kabisa, na bado aliyekomaa ana kilo 35 hadi 45. Yule wa Vietnam mwenye tumbo la kuning'inia hufika kilo 40 hadi 90. Kunekune wa New Zealand huanzia kilo 60, na wengi huvuka 100.

Kilichokuchanganya ni umri wa huyo mama. Jike wa mbegu ndogo anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, ilhali mwili wake huendelea kukua hadi miaka 3 au zaidi. Yaelekea uliyemwona ni mtoto aliyezaa. Omba uonyeshwe wazazi waliotimiza miaka 3, na uwaone wakitembea, kwa sababu wengine hudumazwa kwa njaa: mbavu zinahesabika, kichwa kimezidi kiwiliwili, manyoya marefu yamesimama. Mnyama wa namna hiyo ukimnunua kwa huruma, muuzaji atadumaza mwingine kesho.

Swali: Nataka nianze na mmoja kwanza. Siku ya kumleta nijiandae vipi?

Jibu: Anza na wawili. Nguruwe huishi kwa kundi. Akiwa peke yake huhangaika, hulia na kung'ata kila kilicho karibu. Chukua majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa. Dume asiyehasiwa atampanda dada yake kabla hujajua kuwa amepevuka. Wawe na wiki 8 au zaidi, na wawe wamezoea kula wenyewe.

Banda liwe tayari kabla hujaenda kuwachukua. Mita 2 kwa 2 zinawatosha wawili kulala: sakafu kavu iliyoinuka, mlango usielekee upande unakotoka upepo, na majani makavu ya kutosha hata wajifukie ndani yake. Wasafirishe asubuhi mapema au jioni, kwani nguruwe hana jasho la kumpoza na joto la ndani ya gari linaweza kumuua. Kreti iwe na matundu na matandiko ya kuzuia kuteleza. Kwa muda wa saa 4 kabla ya safari wasile, ila maji wapewe. Usimnyanyue mtoto wa nguruwe kwa sikio wala mguu. Mkono mmoja upite chini ya kifua chake, mwingine chini ya makalio, umkumbatie. Atapiga kelele za kutisha. Hujamuumiza, anaogopa kukosa ardhi chini ya miguu.

Siku 7 za kwanza wakae ndani au katika kiua kidogo chenye kuta imara. Anayefunguliwa siku ileile bado hajui kwake ni wapi, na akikurupuka hasimami. Mwombe muuzaji chakula walichozoea cha wiki moja, uwe unakichanganya na cha kwako kidogo kidogo, maana mabadiliko ya ghafla huleta kuhara. Kama una nguruwe wengine, wageni wakae mbali nao siku 30, uwahudumie mwisho, na viatu vya kuingilia kwao viwe vyao tu.

Swali: Jike wangu wa Vietnam ana miaka 2. Anakula chakula cha kunenepesha, shibe yake, pamoja na mabaki ya jikoni. Siku hizi anagonga vitu kama kipofu. Ni ugonjwa wa macho?

Jibu: Macho yenyewe huenda ni mazima. Mwinue taratibu mikunjo ya ngozi iliyo juu ya jicho: ukikuta jicho safi, linalofuata mkono wako, basi kilichomfunga ni mafuta ya usoni. Hili ndilo kosa linalowaumiza nguruwe wadogo kuliko mengine yote, na hufanywa na watu wanaowapenda. Chakula cha kunenepesha kimetengenezwa kwa mnyama wa kuchinjwa akiwa na miezi 6. Huyu wako anatakiwa kuishi miaka 12 au zaidi, na viungo vya miguu yake havitaweza kuubeba uzito huo.

Kipimo ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito *anaostahili* kuwa nao, si alionao leo. Kama anastahili kilo 45, hizo ni takriban gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni. Protini iwe asilimia 12 hadi 14, na nyuzinyuzi ziwe nyingi. Punguza kwa awamu, wiki baada ya wiki, bila kumshindisha njaa. Pengo lijazwe na nyasi na majani mabichi. Mwagie punje zake kwenye nyasi badala ya bakuli: atazunguka kwa pua saa nzima akitafuta alichokuwa akikimaliza kwa dakika tatu. Mwanzoni atakupigia kelele getini, nawe vumilia. Kila wiki mbonyeze kwa kiganja juu ya mbavu na nyonga. Mifupa isionekane, lakini uiguse bila kukandamiza kwa nguvu.

Mabaki ya jikoni acha leo. Kipande cha nyama ya nguruwe kinaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na humaliza banda zima. Nchi nyingi zimepiga marufuku kulisha mabaki kwa sababu hiyo. Mabaki yana chumvi pia, na nguruwe aliyekula chumvi akakosa maji hupatwa na degedege hadi kufa. Maji yawepo usiku na mchana.

Swali: Wakipigwa na waya wa umeme wanakimbilia mbele na kutoka nje. Nifanyeje?

Jibu: Nguruwe asiyefundishwa akishtuliwa puani husonga mbele. Mfundishe katika kiua chenye ukuta wa mbao, waya ukiwa ndani, hatua moja kutoka ukutani, kwa siku 3 au 4. Mbele akikuta ukuta, atajifunza kurudi nyuma. Kisha shambani funga nyaya mbili, sentimita 15 na 40 kutoka ardhini. Pita kila siku uangalie: nyasi zikiugusa waya wa chini umeme unapotea, na udongo wanaoufukua kwa pua huufunika kabisa.

Swali: Tope ni la lazima?

Jibu: Siku za joto, ndiyo, pamoja na kivuli. Tope humpoza na kuikinga ngozi na jua, hasa wa rangi nyeupe, ambao huungua masikio na mgongo.

Swali: Jike wangu alizaa 7, usiku wa pili akawalalia watatu. Nizuie vipi uzao ujao?

Jibu: Mimba ni siku 114, hivyo andika tarehe ya kupandwa na uanze kujiandaa siku ya 105. Zungushia kuta za chumba cha kuzalia boriti, sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni na umbali huohuo kutoka ukutani. Mama akijitupa kulala, mtoto hubaki hai katika nafasi iliyo nyuma ya boriti. Ila watoto wengi hulaliwa kwa sababu ya baridi: mtoto mchanga anahitaji nyuzi 30 hadi 34, na akikosa humkumbatia mama hata anapogeuka. Tengeneza pembe yenye taa ya joto ambayo mama hawezi kuifikia. Taa ifungwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, kwa sababu ikianguka juu ya majani makavu banda litaungua. Watoto wakilala wamerundikana, ishushe kidogo. Wakitawanyika mbali nayo, ipandishe. Kama sakafu ni ya zege, mwite daktari wa mifugo siku ya 3 awachome sindano ya madini ya chuma, kwani maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha na hapo hawana udongo wa kulamba.