Jumamosi yote inaishia kwenye deki? Gawanya kazi
Dada, nimekuelewa: unarudi kutoka kazini saa 12 jioni, watoto wawili, na Jumamosi nzima unadeki. Mimi niliacha mtindo huo. Silali na vyombo vichafu, asubuhi nafagia sebule tu. Jumanne choo na bafu, Alhamisi jiko, Jumamosi mashuka. Huyo wako wa miaka 9 akunje nguo zake mwenyewe, hata zikikaa shaghalabaghala.

Feni la juu usilisahau. Lizime, panda stuli, vika kila panga foronya kuukuu, kisha vuta taratibu. Vumbi lote linabaki humo, halikumwagikii kichwani.

Ila chooni usichanganye jiki na dawa ya tindikali, inatoka gesi ya klorini. Nilishafanya, nikakohoa siku mbili. Kifua kikibana, toka nje uende hospitali.